Mvinyo wa Manjano wa Jura: Pipa Lisilojazilizwa

Hamjambo, ndugu zangu wa Tanga na nyote mnaonitazama kutoka nyumbani. Leo nimeshuka katika ghala la chini ya ardhi mjini Arbois, kwenye milima ya Jura, katika jimbo la kale la Franche-Comté, nchini Ufaransa. Huu ndio mji alikokulia mwanasayansi Louis Pasteur, na mwaka 1874 alinunua shamba la mizabibu jirani na hapa kwa ajili ya majaribio yake.

Kwingineko mtengeneza mvinyo hujaziliza pipa kila linapopungua, kwa sababu hewa ikipata nafasi mvinyo hugeuka siki. Hapa, kwa mvinyo wa manjano unaotokana na zabibu za Savagnin peke yake, pipa huachwa lipungue. Mvinyo unapovukia kupitia mbao, juu yake hutanda utando wa hamira, wa kijivu na wenye mikunjo kama ule wa uji uliopoa, nao ndio unaoukinga usiharibike. Nimemulika tunduni kwa tochi ya simu, lakini mwenyeji wangu amenikataza kuligusa pipa, utando usije ukavurugika.

Sheria inataka mvinyo huu ukae pipani hadi Disemba ya mwaka wa 6 baada ya mavuno. Husemwa kwamba katika lita 1 iliyoingia hubaki sentilita 62, na huo ndio ujazo wa chupa yake fupi iitwayo clavelin. Sisi tembo la mnazi likigemwa asubuhi, jioni limeshakuwa kali!

Harufu ndiyo iliyonishangaza. Nilitarajia zabibu, nikakutana na bizari na uwatu, uwatu ule ule unaolowekwa jikoni kwetu. Kumbe kemikali iitwayo sotoloni imo katika mvinyo huu na katika uwatu pia.

Kijijini Château-Chalon, juu ya jabali, zabibu hukaguliwa kabla ya mavuno, na katika miaka ya 1974, 1980, 1984 na 2001 wakulima waliamua kutotoa kabisa mvinyo wenye jina la kijiji chao. Mimi naupenda ukaidi huo, ingawa sidhani kama wanaowadai waliupenda.

Pipa hili lililo nyuma yangu limeandikwa kwa chaki 2021, mwaka ambao baridi kali ya Aprili iliyaunguza machipukizi na mavuno yakawa haba mno. Halitafunguliwa hadi Disemba 2027.