Sabuni Itangulie Pilau

(Mhadhara wa muuguzi mstaafu kwa wazee wa mtaa, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Na sisi tuliolingana, hamjambo. Magoti yananisumbua kama yenu, kwa hiyo mkiniruhusu nitazungumza nimekaa.

Naanza na swali. Juzi kulikuwa na harusi hapa mtaani, wengi tulikwenda. Pilau lilipofika, nani alinawa kwa sabuni kabla ya kula? (Kimya, kisha vicheko.) Na baada ya kula? Haya, mikono yote juu! Mnaona mambo yetu. Kabla ya kula tunachovya vidole majini, tunakung'uta, bismillahi. Tukishashiba, mikono inanuka mafuta, ndipo tunauliza, "Jamani, sabuni iko wapi?" Tunaiosha pilau, ambayo haina kosa lolote.

Halafu lile bakuli moja linalozunguka mkeka mzima. Wa kwanza ananawa maji, wa nane ananawa mikono ya wenzake. Bora kijana asimame na jagi, amwage, beseni chini lipokee. Maji yapite, yasitulie.

Kwa nini nawaambia ninyi na si vijana? Kwa sababu mkono wa mzee ndio unaoshikwa kuliko mikono yote. Msibani kila anayeingia anakupa mkono wa pole. Wajukuu wanatoka kucheza mchangani, wanaubusu mkono wa bibi. Heshima ni tamu, lakini mpaka jioni mkono huo umebeba mafua ya mtaa mzima, na wewe unafikicha nao macho.

Na mwili wetu haupigani tena kama zamani. Tumbo la kuharisha ambalo kijana analimaliza kwa siku mbili, sisi linatulaza. Mzee hukaukiwa maji upesi, tena mara nyingi hata kiu haisikii. Wodini nilipokea wazee walioletwa wakiweweseka, hawawatambui watoto wao. Familia inasema ni uzee, wengine wanasema karogwa. Kumbe ameharisha siku tatu na hakuna aliyempa maji ya kutosha.

Sasa kunawa kwenyewe. Vijidudu hushikana na mafuta ya ngozi, na maji peke yake huteleza juu ya mafuta. Sabuni ndiyo inayoyabandua, maji yakaondoka nayo. Virusi vya mafua makali (influenza) na vya korona vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na sabuni huuchana. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba, kuchani, na chini ya pete. Ninyi wa tambuu, hicho kidole cha kupakia chokaa mkisugue kabla hakijagusa jani. (Vicheko.) Kwa muda gani? Sekunde 20 hivi. Saa huna? Salimiana na mwenzako salamu kamili ya kikwetu: habari za nyumbani, watoto hawajambo, shamba je, mvua imenyesha? Ukimaliza salamu, suuza.

Waislamu wenzangu mtaniambia, sisi tunatawadha mara tano kwa siku. Alhamdulillahi. Lakini udhu wetu ni wa maji. Ukitoka msalani, tanguliza sabuni, kisha tawadha kama kawaida.

Kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu na hakisemwi: mkongojo. Mzee anaingia nao msalani, anatoka, ananawa vizuri kabisa, halafu anaushika palepale. Mpini nao una haki yake ya sabuni. Vilevile simu, miwani na komeo la mlango.

Ngozi zetu ni nyembamba, sabuni ya unga inazichubua na penye mpasuko vijidudu huingia. Tumia sabuni ya kuogea, kausha kwa kitambaa chako mwenyewe, paka mafuta ya nazi kidogo. Mwenye vidole vigumu vya baridi yabisi asishindane na koki. Atafutiwe ndoo yenye koki laini, iwekwe juu ya kigoda, na sakafu isiwe na maji. Sitaki mtu avunjike nyonga kwa sababu ya mhadhara wangu.

Vitakasa mikono ni vizuri ukishuka daladala, mradi viwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Mikono ikiwa na tope au mafuta havifanyi kazi vizuri, na kuna virusi vya kuharisha ambavyo alkoholi haiviwezi vizuri. Sabuni haijapata mbadala.

Najua kuambiwa mikono yako si safi kunauma. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona madaktari wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha, na wanawake waliojifungua wakifa kwa homa. Akawalazimisha madaktari hao kunawa mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka sana. Badala ya kumshukuru, wengi wa wakubwa wa fani waliona wametukanwa. Kwa hiyo mjukuu akikuuliza, "Babu, umenawa?", usimfokee.

Na pale shughulini, kijana akidai sabuni ataambiwa anaringa. Wewe mzee ukisema, "Nileteeni sabuni kwanza," nani atakukatalia? Mkeka mzima utasubiri, na wote watanawa baada yako.

(Sauti kutoka nyuma: "Na kama sabuni hakuna?") Majivu safi ya jikoni, dada yangu, usugue na kumwagiwa maji. Lakini hapa leo sabuni ipo. Nasikia harufu ya mihogo. Vijana, sogezeni jagi.