Stelingi Anavyokufa: Mazungumzo Kuhusu Kushindwa Katika Mieleka

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na machalii wote wa Chuga mliojaa mpaka mlangoni, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie mieleka ya hivi karibuni, na sitazunguka. Naanza na lile linalowauma wengi humu ndani, yaani John Cena, nyota wa mieleka wa Marekani, kugonga mkono, ile ishara ya kusalimu amri.

Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Desemba 2025 kwa saa zetu, na kule Washington bado ni Jumamosi usiku. Cena anapanda ulingoni kwa mara ya mwisho. Mbele yake yuko Gunther, Mwaustria, mtu mrefu asiye na mzaha, ambaye Julai ya mwaka huohuo alikuwa ameshamstaafisha mkongwe Goldberg. Mwishoni Gunther akampiga kabali. Cena akajinasua, akakabwa tena. Kamera ikasogea karibu na uso. Mnaukumbuka uso ule? Alitabasamu. Kisha mkono ukagonga. Mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akituambia tusikate tamaa kamwe, amesalimu amri mbele ya ukumbi mzima. Watu wakapigwa na butwaa, halafu wakazomea.

Asubuhi ile hasira ilifika mpaka hapa. Sokoni Kilombero watu wanabishana, ndani ya vifodi vya abiria watu wanabishana, na hoja ilikuwa moja tu: stelingi, yule shujaa wa filamu, hafi! Naielewa hoja hiyo. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu. Ukiingia umechelewa, unamuuliza wa pembeni yako stelingi ni yupi, ukishaonyeshwa unatulia, maana unajua hata apigwe vipi atainuka.

Mimi nimekuja kutetea upande wa pili. Kwenye mieleka stelingi lazima afe. Tena namna anavyokufa ndiyo inayotuambia kama tumeona kazi ya mafundi au tumepotezewa usiku wetu.

Kabla sijaendelea, lile swali la "si wanaigiza?" nilimalize haraka, maana kuna wazee hapa wamekuja nalo mfukoni. Ndiyo, matokeo hupangwa. Siyo siri. Mwaka 1989 kampuni yenyewe, WWE ya leo, iliyokuwa ikiitwa WWF, ilikiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba ni burudani, ili iondokane na masharti ya michezo ya kawaida. Lakini kinachopangwa ni nani atashinda. Mwili hauna wa kuupangia. Chini ya kile kitambaa cha ulingo kuna godoro jembamba, chini yake mbao, chini ya mbao vyuma. Mwanamieleka hujifunza kuanguka kwa mgongo wote kwa pamoja, kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, mikono ikipiga chini ili uzito usambae. Akikosea kidogo tu, ni shingo.

Wasioamini watafute pambano la Cody Rhodes na Seth Rollins la tarehe 5 Juni 2022, lile la ndani ya kizimba cha chuma. Cody alikuwa amechanika msuli wa kifua kabla ya siku hiyo. Alipovua koti, ukumbi uligutuka. Upande wa kulia wote, kuanzia kifuani hadi kwenye mkono, ulikuwa zambarau iliyoiva, mahali pengine karibu nyeusi. Akapigana hivyohivyo, akashinda, na sifa zote zikamwendea yeye. Ni haki yake. Lakini nawaomba mlitazame tena, safari hii mmwangalie Rollins. Ndiye aliyepewa kazi ya kumwonea mgonjwa, kumchoma kwa fimbo palepale kwenye rangi ile, atufanye tumchukie, na wakati huohuo asimmalize mwenzake kwelikweli. Halafu alale chini ahesabiwe tatu, yaani ashindwe. Huo ulikuwa ushindi wa tatu mfululizo wa Cody dhidi yake mwaka ule. Rollins aliyabeba hayo yote mgongoni, na Cody akatoka pale akiwa mtu mkubwa kuliko alivyokuwa siku anarudi kwenye kampuni.

Kwa hiyo mtu akiniambia fulani kashindwa, mimi huuliza mambo mawili. Kashindwaje? Na nani kafaidika?

Sasa twendeni Cardiff, Wales, tarehe 3 Septemba 2022. Gunther huyuhuyu mnayemchukia leo alikuwa anatetea mkanda wa ubingwa uitwao Intercontinental dhidi ya Sheamus, Mwairishi wa Dublin. Sheamus alikuwa ameshachukua karibu kila kitu katika kampuni ile, ila mkanda huo hakuwahi kuushika. Uwanja una watu zaidi ya 60,000, na karibu wote wako naye. Ngozi ya Sheamus mnaijua, nyeupe kama maziwa. Gunther anapiga makofi ya kifuani kwa kiganja kilichokunjuliwa, na hayo hayana uigizaji, ule mlio mnaousikia ni wa nyama. Kofi la kwanza linaacha alama nyekundu ya vidole. Baada ya dakika chache vidole havionekani tena, kifua chote kimekuwa kidonda kimoja, damu inachungulia kwenye vinyweleo. Naye Sheamus anasogea mbele, anafungua mikono, anataka jingine. Hakuna kiti cha chuma, hakuna mtu wa tatu aliyeingia kumwamulia mtu matokeo. Wanaume wawili wanapigana mpaka mmoja anaishiwa.

Aliyeishiwa ni Sheamus. Akabaki amekaa ulingoni peke yake, hana mkanda, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Kwangu mimi, katika miaka hii ya karibuni, hakuna pambano la mkanda lililolifikia lile. Na ukimwuliza aliyelitazama ni nani anamkumbuka, hatamtaja mshindi kwanza.

Wa pili katika walioshindwa vizuri ni Sami Zayn, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nampenda kwa moyo wote. Sami ni mtoto wa Montreal, wazazi wake walitoka Syria. Mwaka 2022 alijipenyeza kwenye kundi la Roman Reigns, bingwa wa wakati huo, ile familia ya Wasamoa. Alianza kama mchekeshaji anayejipendekeza, na polepole wakampenda kweli. Januari 2023 pale San Antonio, Roman akampa kiti cha chuma na kumwamuru ampige Kevin Owens, rafiki yake wa tangu ujanani, aliyekuwa amefungwa pingu kwenye kamba. Sami amekishika kile kiti. Anamtazama Owens, anamtazama Roman, macho yamejaa maji. Roman anamsukuma, anamtukana. Ukumbi mzima unangoja. Kisha kiti kikamshukia Roman mgongoni.

Wiki tatu baadaye, tarehe 18 Februari, pambano lake na Roman la kugombea mkanda likapelekwa Montreal nyumbani kwake, mkewe amekaa mstari wa mbele. Kwa sheria zetu za kibandani, hapo stelingi anashinda na watu wanarudi nyumbani. Akashindwa. Wakanada wale walilia, na hata huku Njiro kuna mtu namjua alizima televisheni. Ila tazameni kilichofuata. Aprili 1 yeye na Owens waliwavua mikanda Usos, ndugu wawili wa kundi lile la Roman, katika pambano la kufunga usiku wa kwanza wa WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la mwaka. Aprili 6 mwaka uliofuata, Philadelphia, Sami alimwangusha Gunther aliyekuwa ameushika mkanda ule wa Intercontinental siku 666. Kama angeshinda Montreal, tungefurahi usiku mmoja. Tulichopata ni mwaka mzima wa kumngojea, na kila alipoinuka tulijua ametoka wapi.

Haya si mapya. Mwaka 1997 Steve Austin alizimia ndani ya Sharpshooter, ule mkunjo wa miguu wa Bret Hart, damu imemfunika uso, akakataa kugonga. Alishindwa, na kushindwa kule ndiko kulikomtengeneza yule Stone Cold ambaye baba zetu humu ndani wanamjua.

Lakini msinielewe vibaya. Siyo kila kushindwa ni kazi nzuri. Kuna kushindwa ambako ni dharau, na hapa namzungumzia Kofi Kingston.

Ili mwelewe uzito wake, kumbukeni Afrika ilivyokuwa ikionyeshwa kwenye ulingo ule. Miaka ya themanini palikuwa na jitu likiitwa Kamala, lililotangazwa kuwa limetoka Uganda, jirani zetu hapa. Linaingia peku, limevaa kitambaa cha chui na kinyago, limechorwa mwili, haliongei, linapiga tumbo lake. Aliyekuwa ndani yake ni Mmarekani wa Mississippi, James Harris, na simlaumu, alikuwa anatafuta mkate. Ninawalaumu walioona hivyo ndivyo sisi tulivyo. Hata Kofi mwenyewe, aliyezaliwa Ghana, alianza mwaka 2008 akitambulishwa kuwa ametoka Jamaika. Akafanya kazi miaka kumi na moja. Tarehe 7 Aprili 2019 akambwaga Daniel Bryan na kuwa bingwa wa WWE, wa kwanza mzaliwa wa Afrika. Watoto wake wakapanda ulingoni. Nami nililia, na sioni aibu kulisema hilo mbele yenu.

Oktoba 4 mwaka huohuo wakamletea Brock Lesnar, bingwa wa siku nyingi. Kengele ikalia, Kofi akaruka, akadakwa, akabwagwa, moja, mbili, tatu. Sekunde zisizofika kumi. Miaka kumi na moja ya kazi ikafutwa kabla hujameza mate. Nini kilipatikana? Lesnar alikuwa ameshakuwa Lesnar. Kofi hakupewa hata nafasi ya kuonyesha kwamba inauma. Mpaka leo nikiona picha za siku ile natamani ningekuwepo kwenye chumba walichokalia kuamua.

Na kosa la namna hiyo Cena pia limempitia, kwa upande wa pili. Mwaka 2010 kulikuwa na kundi la vijana wapya, Nexus, waliokuwa wametikisa kampuni nzima. Kwenye SummerSlam, onyesho lao kubwa la Agosti, mwaka ule Cena alibwagwa kichwa kwenye sakafu tupu ya zege, kisha akainuka peke yake akawamaliza wawili waliobaki. Stelingi hakufa. Vijana ndio waliokufa, na kundi lile halikurudi tena kuwa tishio. Miaka mitano baadaye, Mei 2015, Kevin Owens alipigana pambano lake la kwanza kabisa kwenye ulingo mkubwa, akamlaza Cena katikati, bila ujanja wowote. Owens akawa Owens usiku ule. Huyo ndiye Cena ninayemheshimu.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa na yote mawili. Machi 2025 pale Toronto alimgeuka Cody, bingwa wa wakati huo, na kusimama na The Rock, dunia nzima ikashika kichwa. Kisha ikaja WrestleMania ya Las Vegas mwezi Aprili. The Rock aliyeliwasha lile jambo hakutokea. Akaja Travis Scott, mwanamuziki. Pigo la chini ya mkanda, mkanda usoni, Cena bingwa kwa mara ya 17, amempita mkongwe Ric Flair aliyekuwa amelingana naye. Rekodi kubwa kuliko zote, imepatikana katika pambano bovu. Cody hakupata kitu kwa kushindwa vile, na Cena hakupata kitu kwa kushinda vile. Agosti, SummerSlam, walipewa tena nafasi. Cena amerudi kuwa yule tunayemjua, wanatandikana nje na ndani, Cody anauchukua mkanda wake kwa jasho, Cena anamkabidhi kwa mkono wake. Wawili walewale, miezi isiyofika minne, na safari hii aliyeshindwa alishindwa kwa ajili ya mwenzake.

Basi turudi Washington. Ule mkono uliogonga mimi nautetea. Umekaa vizuri kwa sababu aliusubirisha, kwa sababu alipambana nao kabali baada ya kabali, na kwa sababu tabasamu lile lilionyesha mtu aliyechoka akijipa ruhusa ya kupumzika. Ninachokubaliana na waliozomea ni hili swali la nani kafaidika. Gunther alikuwa ameshafika juu kabla ya usiku ule. Ameshakuwa bingwa, anaogopwa, ameshastaafisha mtu. Kilichoongezeka kwake ni kuchukiwa zaidi. Na kwenye programu ileile ya usiku ule alikuwepo Oba Femi, Mnigeria aliyekulia Lagos, mrusha tufe wa zamani wa Chuo Kikuu cha Alabama, kijana mwenye mabega kama mlango, aliyepambana na Cody Rhodes mapema. Hebu fikirini mkono ule ungegonga kwa ajili yake. Kutoka Kamala wa kubuni mpaka Mwafrika halisi anayemfungia kazi John Cena, na watoto wa Unga Limited wakiliona kwenye simu za kaka zao kabla jua halijachomoza! Hiyo ndiyo nafasi waliyoipoteza, na inaniuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Namalizia kwa ombi kwa wenye vibanda, nawaona mko watatu wanne hapo nyuma. Mnapotuwekea mapambano haya, msikate pale refa anapohesabu tatu ili muwahi mechi ya mpira. Tuachieni zile dakika za mwisho, aliyelala anapoinuka na kutazama watu. Pale Cardiff, zile ndizo zilizokuwa pambano. Karibuni maswali, na tuanze na huyo dada aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Kofi.