Jinsi ya Kuchora Shajara ya Mavikomte wa Trencavel

Karibu mtazamaji. Leo tunachora shajara ya ukoo wa Trencavel, mabwana wa kusini mwa Ufaransa katika karne ya 11, ya 12 na mwanzoni mwa ya 13. Chukua karatasi moja ya manila, ilaze kwa upana mezani. Weka karibu penseli, kifutio, rula, na kalamu za wino za rangi tatu: nyeusi, nyekundu na kijani. Wino tusiuguse bado. Tutaanza na penseli, kwa sababu katika ukoo huu majina yanajirudia mno na utafuta mara nyingi.

Kabla hujaandika jina lolote, kielewe cheo. Mtu aliyekabidhiwa eneo na wafalme wa Wafranki aliitwa kwa Kilatini comes. Mimi nitamwita komte. Aliyemshikia nafasi akaitwa vicecomes, yaani makamu wa komte, ndiye vikomte wetu. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kuteuliwa. Kufikia karne ya 10, huku kusini ilikwisha kuwa mali ya urithi: baba anamwachia mwana cheo pamoja na ngome, mashamba na ushuru wa soko. Mfalme alikuwa mbali kaskazini, na mkono wake haukufika. Kwa hiyo ukisikia "makamu", usimfikirie mtu wa kusubiri amri. Hawa walikuwa watawala kamili.

Sasa hatua ya kwanza. Pembeni kushoto, kutoka juu kwenda chini, andika majina sita ya mahali: Albi, Nîmes, Béziers, Agde, Carcassonne, Razès. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya jina na jina. Watu wengi huacha mahali na kuandika watu peke yao, halafu shajara ikishakamilika haiwaambii kitu. Kwa mavikomte, ardhi nayo ni mwanafamilia. Ina wazazi wake, ina ndoa zake, na kama utakavyoona mbele, ina siku yake ya kutekwa.

Hatua ya pili ndiyo ninayotaka uikazie macho. Juu, katikati ya karatasi, andika: Ermengard. Kulia kwake andika Raymond Bernard, kisha unganisha majina hayo kwa mistari miwili sambamba, alama ya ndoa. Najua mazoea ni kumtanguliza mume. Lakini hebu tuhesabu. Raymond Bernard, aliyekuwa na lakabu ya Trencavel, alikuja na Albi na Nîmes. Béziers, Agde, Carcassonne na Razès zilikuwa za upande wa Ermengard, na kaka yake, Roger III, alikufa mwaka 1067 bila mtoto. Mbili kwa nne. Ukimweka mwanamke huyu pembeni, utashindwa kueleza zaidi ya nusu ya karatasi yako.

Na si mimi ninayempa heshima hiyo. Ilikuwa desturi ya kwao. Katika viapo vya uaminifu vya eneo hilo, vilivyoandikwa kwa Kilatini kilichochanganyika na Kioksitani, lugha ya wenyeji, mtu alitajwa kwa jina la mama yake. Mwana wao, Bernard Aton, ni "mwana wa Ermengard". Mwanawe Roger ni "mwana wa Cecilia". Desturi hii itakuokoa sana. Ukikutana na akina Bernard Aton wawili au akina Raymond watatu, mtafute mama, utajua ni yupi. Kwa hiyo kila unapoandika jina la mtawala, chini yake kwa herufi ndogo weka jina la mama kama unalijua.

Hatua ya tatu, mistari ya nukta nukta. Hii ni ya viapo, si ya damu. Mwaka huohuo wa 1067 Ermengard na mumewe waliiuza haki yao ya Carcassonne kwa komte wa Barcelona, Ramon Berenguer I. Mwaka 1082 komte aliyemfuata, Ramon Berenguer II, akauawa, na Ermengard na mwanawe wakaurudisha mji mikononi mwao. Hata hivyo, Bernard Aton hakujiita komte wa Carcassonne. Alibaki vikomte, katika mji uliokuwa na makomte wake wenyewe. Basi chora nukta kutoka Carcassonne hadi ukingo wa kulia, uandike Barcelona. Upande wa juu kushoto andika Toulouse. Ukoo huu uliishi umebanwa kati ya wakubwa hao wawili, leo ukila kiapo huku, kesho kule.

Hatua ya nne ni ya haraka. Chini ya Ermengard na mumewe mwandike Bernard Aton na mkewe Cecilia wa Provence, kisha shuka chini yao, chora matawi matatu. Baba alifariki mwaka 1129, urithi ukagawanywa: Roger akapata Carcassonne, Albi na Razès, Raymond Trencavel akapata Béziers, Bernard Aton mdogo akapata Nîmes. Roger akafa 1150 bila mtoto, fungu lake likaenda kwa Raymond. Hapa ndipo kifutio kinapofanya kazi.

Chini ya jina la Raymond andika 1167, na pembeni chora msalaba mdogo. Mwaka huo, mwezi wa Oktoba, wenyeji wa Béziers walimuua ndani ya kanisa la Maria Magdalena, katika mji wake mwenyewe. Ukumbuke mji huo na jina la kanisa hilo.

Hatua ya tano. Mwana wa Raymond ni Roger II. Muunganishe kwa mistari miwili na Azalais, binti wa Raymond V, komte wa Toulouse. Kisha panda kutoka kwa Azalais hadi Toulouse, uchore na kaka yake, Raymond VI. Mtoto wa Roger na Azalais, Raymond Roger, alizaliwa 1185, na baba akafa 1194. Mtoto wa miaka tisa, na juu ya jina lake Carcassonne, Béziers, Albi na Razès.

Sasa simama, uitazame karatasi, kwa maana tumefika 1209. Papa Inosenti III ameitisha vita vya msalaba dhidi ya Wakathari, Wakristo waliohesabiwa wazushi, na jeshi linashuka kutoka kaskazini. Fuata mstari wa Azalais kwa kidole: Raymond VI, mjomba wa kijana huyu, amesalimu amri kwa Kanisa na yumo ndani ya jeshi hilo. Tarehe 22 Julai, sikukuu ya Maria Magdalena, Béziers ikaangushwa na watu wake wakauawa, wakiwemo waliokimbilia katika kanisa lile la Magdalena. Mwezi wa Agosti Carcassonne ikazingirwa. Fuata sasa nukta za kulia: Pedro II, mfalme wa Aragon na mrithi wa makomte wa Barcelona, alikuja kumwombea vikomte wake. Hakufanikiwa. Tarehe 15 Agosti mji ukasalimu amri. Tarehe 10 Novemba Raymond Roger akafia kifungoni ndani ya ngome yake mwenyewe, akiwa na miaka 24. Mimi kila nikifika kwenye jina hili penseli hunizidia uzito.

Chukua kalamu ya kijani. Kuanzia kwa Ermengard, fuatisha njia ya Carcassonne: kutoka kwake kwenda kwa mwana, kwa mjukuu, kwa kitukuu, kwa kilembwe, ukipita kwenye mistari ya damu peke yake. Ukifika 1209 mstari wa kijani unapaswa kwenda kwa Simon de Montfort, bwana wa kaskazini aliyekabidhiwa ardhi hizo na wapiganaji wa msalaba. Mwandike mbali kidogo, upande wa kulia. Hana mzazi, mke wala kiapo kinachomfunga na yeyote hapo juu. Kijani lazima kiruke karatasi tupu ili kimfikie, na ruka hiyo usiifiche kwa kupinda mstari.

Kwa kalamu nyekundu zungushia 1167 na 1209.

Bado jina moja. Raymond Roger na mkewe Agnes wa Montpellier waliacha mwana mchanga, naye pia Raymond. Mwandike kwa penseli. Alilelewa kwa komte wa Foix, na mwaka 1240 akarudi na watu wake kuizingira Carcassonne, asiipate. Mwaka 1247 akazikana haki zake, akamwachia mfalme wa Ufaransa, na mhuri wake ukavunjwa. Chini yake chora mstari mfupi wa mlalo.

Sasa chukua kalamu nyeusi, rudi juu, uanze kupitisha wino kwenye jina la Ermengard.