Mchoro wa Ukutani na Mkataba Wake

Mabibi na mabwana, mwaka 1966 Australia iliacha pauni ikaanza kutumia dola. Noti mpya ya dola 1 ilibeba mchoro wa David Malangi, msanii wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, aliyechora juu ya gome la mti. Hakuombwa ruhusa. Alikuja kulipwa baadaye, mchoro ukiwa umekwisha kutumika. Naanzia hapo kwa sababu kampuni nyingi zinazoagiza sanaa ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, leo, tena kwa nia njema, bado hudhani kwamba aliyelipia picha amenunua na hadithi yake.

Tangu 2006 taasisi ya Reconciliation Australia imekuwa ikisimamia mipango ya maridhiano kazini, yaani ahadi za kampuni za kujenga uhusiano mwema na wenyeji hao, na kampuni ikizindua mpango wake hupenda uwe na mchoro jaladani na mapokezini. Sawa. Lakini kabla ya kuuliza ukubwa na rangi, uliza ofisi imesimama kwenye ardhi ya nani. Katikati ya Sydney ni kwa Wagadigal. Perth ni kwa Wanoongar wa Whadjuk. Msanii wa hapo ndiye wa kuendewa kwanza. Wala usimwagize mtindo uliouona kwenye kalenda. Ile mistari myembamba inayopishana ya Arnhem Land, iitwayo rarrk, ina wenyewe, na sura za Wandjina, roho za mababu zinazoleta mvua, za Kimberley huko kaskazini-magharibi, zina wenyewe vilevile. Mwambie kampuni inafanya nini na picha itakaa wapi, kisha mwache achague hadithi aliyo na haki ya kuisimulia.

Mkataba ndio unaoshindikana mara nyingi. Kwa sheria ya Australia, hakimiliki hubaki kwa msanii hata picha ikiuzwa, isipokuwa aitoe kwa maandishi, na hudumu maisha yake yote na miaka 70 zaidi. Kwa hiyo tenga malipo matatu: ya kuchora, ya muda wa wazee wa jamii yake wanaoombwa ruhusa ya hadithi, na ya leseni. Leseni itaje kila matumizi: ripoti, tovuti, fulana, kioo cha mlango, na kwa miaka mingapi. Ninachopendekeza ni theluthi wakati wa kusaini, theluthi rasimu ikikubaliwa, na iliyobaki kazi ikifika. Turubai, rangi na nauli vihesabiwe kando.

Kisha mbuni wa kampuni anakata kipande atengeneze bango, na rangi ya udongo anaigeuza buluu ifanane na nembo. Duara lililowakilisha kisima limebaki nusu. Njia zilizokiendea hazifiki popote. Ni kumvunjia mtu heshima, na tangu 2000 sheria inampa msanii haki ya kulalamika. Mwombe mapema achague mwenyewe vipande 3 au 4 vinavyoweza kusimama peke yake, na kila nakala aione kabla haijachapwa.

Wiki ya Maridhiano huwa 27 Mei hadi 3 Juni, nazo kampuni huamka Aprili. Anzeni Novemba. Msiba ukiingia kwenye jamii ya msanii, kazi husimama, na mkataba useme wazi kwamba hakuna faini kwa kuchelewa huko. Akifariki msanii mwenyewe, iulizeni familia kabla ya kuendelea kutaja jina lake au kuonyesha sura yake, kwa kuwa jamii nyingi huepuka kumtaja marehemu. Huenda picha ikabaki ukutani, kibao chenye jina lake kikafunikwa hadi watakaposema.