Tope Linachelewesha, Lami Inaua: Kuchagua Tairi la Pikipiki ya Lami na Vumbi

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya maafisa ugani, wahudumu wa afya na mafundi wanaotumia pikipiki vijijini

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu, na wenzangu wote habari za asubuhi. Namshukuru mwenyekiti kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie matairi ya pikipiki zile ndefu, zenye madigadi ya juu na shokapu ndefu, ambazo asubuhi ziko kwenye lami na mchana ziko korongoni. Wengi wenu kazi yenu yote inategemea pikipiki hizo. Mfugaji wa Farkwa anakusubiri na dawa ya mifugo, mama wa Mvumi anasubiri chanjo ya mtoto, na kati yako na yeye kuna vipande viwili vya mpira vinavyogusa ardhi, kila kimoja hakizidi kiganja cha mkono. Ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nifunge tairi la meno au la lami?" Na mimi kabla ya kujibu huuliza: unapita wapi, na ni wapi hapo ukiteleza utaumia?

Watu wetu wengi huchagua tairi kwa kukumbuka siku yao mbaya kuliko zote. Mtu alizama mbugani Bahi wakati wa masika, akasukuma pikipiki mpaka magharibi, basi akirudi mjini anatafuta tairi lenye meno makubwa kuliko yote dukani. Namwelewa. Lakini tuhesabu kilomita zake. Barabara ya Kondoa mpaka Babati siku hizi ni lami. Ya Iringa kupitia Mtera ni lami. Ya Singida ni lami, na ya Dar es Salaam ni lami. Afisa anayetoka mjini kwenda kijiji cha ndani huko Chemba anakimbia lami sehemu kubwa ya safari, kwa spidi ya 80, akipishana na malori na mabasi, ndipo anakata kona kuingia mchangani. Huko mchangani anakwenda spidi ya 25.

Sasa fikiria kuteleza kwenye kila kipande. Tope likikushinda unashuka, unasukuma, unaita vijana wakusaidie, unafika umechelewa na umechafuka. Lami ikikushinda kwenye spidi ya 80 mbele ya basi, pengine hutafika kabisa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema bila kuuma maneno: tairi lichaguliwe kwa ajili ya njia inayoua. Njia inayochelewesha tutaishughulikia kwa upepo, kwa mwendo na kwa subira.

Kwa nini tairi la meno marefu ni hatari kwenye lami? Angalia kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vilivyochomoza juu ya tairi. Zimeachana, na kila moja imesimama peke yake. Kwenye udongo laini ndiyo sifa yake, kwa sababu kashata inazama na kushika. Kwenye lami haizami. Mpira unaogusa barabara unakuwa kidogo, na ukifunga breki kila kashata inapinda kabla ya kushika. Unauona mwendo wake kwenye kona: pikipiki inahisi kama inaelea, inachelewa kukutii. Ikinyesha mvua ya kwanza ya mwaka, ile ya mwisho wa Novemba au Desemba inayokuta lami imejaa vumbi na mafuta ya miezi mingi, hapo hatari inazidi. Tena lami ya Dodoma saa nane mchana ni ya moto, na mpira laini wa meno unalika upesi. Katikati panakuwa bapa huku pembeni meno yakiwa bado mapya, na pikipiki inaanza kuanguka kwenye kona badala ya kulala taratibu.

Kati ya tairi la lami tupu na tairi la meno kuna matairi ya katikati: kashata pana, zilizokaribiana, zenye mifereji ya kutosha kutoa maji na udongo. Hayo ndiyo ninayowashauri wengi wenu. Watengenezaji huyapa asilimia, mathalani 80 lami na 20 vumbi, au 50 kwa 50. Zisomeni asilimia hizo kama maelekezo tu. Hakuna kipimo cha pamoja kinachozisimamia, kila kampuni hujipimia yenyewe. Tazama tairi lenyewe: ukiibana kashata kwa dole gumba inapinda kirahisi kiasi gani, na nafasi kati ya kashata moja na nyingine ni ya upana gani.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine. Matairi mawili hayafanyi kazi moja. La nyuma linasukuma. Likiteleza, pikipiki inayumba kiuno, na dereva mwenye uzoefu anaituliza. La mbele linaelekeza, na ndilo linalobeba kazi kubwa ya breki, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unaegemea mbele. Likiteleza la mbele, uko chini kabla hujajua. Kwa hiyo kama fedha ni ndogo, fedha nzuri iende mbele. Mimi naona vijana wananunua la nyuma la bei kubwa kwa sababu ndilo linaloisha haraka, mbele wanaacha kipara. Wengine hulihamisha la nyuma lililochakaa likafungwe mbele pale rimu zinapolingana. Acheni kabisa mchezo huo.

Twende kwenye ardhi yetu. Mchanga wa makorongo ya Kondoa na ya Mto Bubu mnaujua. Sehemu kubwa yake ni udongo uliobebwa na maji kutoka kwenye miteremko iliyomomonyoka, ndio uliosababisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, uanzishwe mwaka 1973. Kwenye mchanga wa namna hiyo meno hayakusaidii kiasi unachodhani. Kinachokusaidia ni tairi kutanuka, na tairi linatanuka ukipunguza upepo. Kwa pikipiki nyepesi yenye tyubu, kushuka mpaka psi 16 au 18 (psi ni kipimo cha upepo) unapovuka mchanga mrefu kunatosha. Kaa nyuma kidogo, toa macho kwenye tairi uangalie mbali, usifunge breki ya mbele, endelea na gia yenye nguvu. Ukifika upande wa pili jaza tena kabla hujarudi kwenye lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo kwenye spidi kubwa linachemka.

Tope jeusi la mbuga ni habari nyingine. Udongo ule unanata. Unajaza nafasi kati ya kashata mpaka tairi la katikati linakuwa limeviringika laini, halina tena kashata. Hapo kweli meno yaliyoachana yanashinda, maana tairi likizunguka linajitupia tope lenyewe. Basi yule ambaye kituo chake kiko ndani ya mbuga za Bahi, na lami anaiona mara moja kwa juma, afunge meno, simkatazi. Ila namkumbusha kwamba mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na mvua yenyewe ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Miezi saba iliyobaki ni vumbi na ardhi ngumu. Anaweza kuwa na tairi mbili za nyuma, ya meno aifunge mvua zikianza, ya katikati airudishe Mei. Kila moja itaishi muda mrefu zaidi, na kwa hesabu ya miaka hapotezi fedha.

Changarawe juu ya udongo mgumu, kama ile ya kupanda Kibakwe kutoka Mpwapwa, haina tairi la miujiza. Vile vijiwe vinazunguka chini ya tairi lolote. Punguza upepo kidogo, punguza mwendo sana.

Sasa namba za ubavuni, maana hapo ndipo watu wanauziwa kisichowafaa. Chukua Honda XR150L, ambayo wengi mnayo. Mbele imeandikwa 90/90-19. Ya kwanza ni upana wa milimita 90. Ya pili ni kimo cha ubavu, asilimia 90 ya upana huo. Ya mwisho ni inchi za rimu. Nyuma ni 110/90-17. Pikipiki za zamani kama Yamaha DT125 hutumia mfumo wa inchi, 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Usikubali kuongezewa upana kwa maneno kwamba tairi nene ndiyo imara. Tairi nene kwenye rimu nyembamba inabanwa, inachongoka katikati, na nyuma inaweza kusugua mnyororo. Kwenye tope nafasi kati yake na mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu, inaziba, gurudumu linagoma kuzunguka.

Baada ya ukubwa kuna namba na herufi, tuseme 54P. Namba 54 maana yake tairi lina uwezo wa kubeba kilo 212 likiwa na upepo wake kamili. P ni spidi ya kilomita 150 kwa saa. Spidi hiyo hamtaifikia na msiitafute. Kilo ndizo za kuangalia. Pikipiki kilo 130, wewe 75, abiria 70, gunia 50: jumla 325. Ukipakia namna hiyo, theluthi mbili ya uzito au zaidi inaangukia nyuma, yaani kilo 217 hivi. Tayari umevuka kipimo cha tairi, na bado hujagonga shimo. Nawaomba sana mliotumwa na ofisi zenu kubeba mizigo mlifikishe jambo hili kwa wakubwa wenu, maana anayeumia ni ninyi.

Kuna matairi ya meno ambayo ubavuni yameandikwa kwa Kiingereza kwamba si ya barabara kuu. Hayo ni ya mashindano. Hata kama muuzaji ameyapunguza bei, yaacheni.

Tafuta pia tarakimu nne ndani ya kiboksi kidogo. Ukiona 1823, tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2023. Mpira unazeeka ukiwa dukani, na ukikaa juani barazani unazeeka zaidi: unakuwa mgumu, unapasuka vijistari kwenye shina la kashata. Mimi tairi lililopita miaka 5 silinunui hata likiwa na nywele zake zote. Matairi ya inchi 17 na 18 yanapatikana kila kona kwa sababu ya bodaboda, yanauzwa haraka, kwa hiyo mara nyingi ni mapya. Ya 19 na 21 yanakaa. Hayo ni bora uyaagize mapema kutoka Kariakoo, huku la zamani likiwa bado na maisha, kuliko kusubiri liishe ukabaki kuchukua lolote lililopo.

Ukilifunga, fuata mshale wa mzunguko. Msishangae mkikuta tairi la chapa moja mshale wake mbele unageuza kashata kinyume na nyuma. La nyuma linasukuma na la mbele linafunga breki, nguvu zinakuja pande tofauti. Na tairi jipya lina utelezi wa kiwandani. Kilomita 150 za mwanzo zikimbieni kwa adabu.

Miiba. Huwezi kuzungumza tairi Dodoma ukaacha mwiba wa mgunga. Hakuna kashata ndefu kiasi cha kuuzuia siku zote. Nunua tyubu nene, ya gharama kidogo zaidi. Dawa ya pancha inasaidia kwa tundu dogo la mwiba, ila tyubu ikichanika haina la kufanya. Mkiona tyubu ina matundu mawili yaliyo sambamba, huo haukuwa mwiba. Ulikuwa na upepo mdogo, ukagonga jiwe, rimu ikaibana tyubu. Na ile nati ya valvu isikazwe chini kwenye rimu. Iacheni juu, karibu na kifuniko. Tairi lenye upepo mdogo hujisogeza kwenye rimu na kuvuta tyubu. Nati ikiwa imekazwa valvu inakatika bila kukuonya, ikiwa huru utaiona valvu imelala, utajua kurekebisha.

Upepo wenyewe pimeni asubuhi, tairi likiwa la baridi, mfuate kibandiko kilichoko kwenye pikipiki. Kila joto likipanda nyuzi 10, upepo unapanda kama psi 1 na kitu. Anayepima saa nane mchana baada ya kukimbia, akaona umezidi akapunguza, kesho alfajiri anaondoka na tairi legevu.

Naona dada yetu muuguzi hapa mbele ameinua mkono. Anauliza, kama mtu ana nafasi ya kubeba tyubu moja tu, abebe ya mbele au ya nyuma? Swali zuri sana. Dada, kama mbele yako ni inchi 21, beba ya mbele. Hiyo ya 21 kwa dharura inaingia hata kwenye rimu ya 18 ya nyuma, itajikunja kidogo ndani, lakini itakufikisha kituoni kwa mwendo wa pole. Ya nyuma haikubali kuingia mbele. Beba pamoja nayo pampu ya mkono na vyuma viwili vya kutolea tairi. Tyubu ipake poda, uifunge ndani ya kitambaa kizito, isisuguane na vyuma hivyo ikatoboka kabla hujaihitaji. Asanteni.