Inzi wa Manjano na Hesabu Zake

Shikamooni wazee, na wengine habari za mchana. Mwenyekiti alipotaja inzi wa mavi nimesikia vicheko huko nyuma. Chekeni tu, lakini hapa Tabora wengi wetu tumechunga ng'ombe, na mavi tumeyakanyaga peku.

Ng'ombe akiangusha mavi asubuhi, yanafuka moshi. Mchana yameshashika gamba. Maisha ya inzi wa manjano wa mavi, Scathophaga stercoraria, yamo kati ya moshi ule na gamba lile. Huyu ni wa nchi za baridi, Ulaya mpaka Marekani ya Kaskazini. Joto likizidi hutoweka. Dume ana manyoya ya dhahabu, utadhani kifaranga. Jike amefifia, ana ukijani.

Madume huwahi kwenye mavi mabichi wakasubiri. Jike akija kutaga, wa kwanza humdaka, humpanda, kisha hung'ang'ania mgongoni akimlinda hadi amalize kutaga. Ana sababu. Geoff Parker, Mwingereza aliyeanza kuwachunguza miaka ya 1960, aliwapandisha majike kwa dume wa kawaida na kwa dume aliyepigwa mionzi, ambaye mayai aliyorutubisha hayaanguliki. Alipohesabu yaliyoanguliwa, akagundua kwamba dume wa mwisho kumpanda jike ndiye baba wa takriban asilimia 80 ya mayai.

Hapa ndipo ninapopapenda. Dume angempanda jike kwa dakika 100 angerutubisha karibu mayai yote. Hakai! Hukaa kama dakika 36 tu. Dakika za mwanzo zina mavuno, za mwishoni ni makombo, na huenda jike mwingine anatua kwingine sasa hivi. Parker alipiga hesabu ya muda unaomfaa dume, akapata dakika 41, karibu sawa na zile 36. Makadirio yangu ya mahindi hayajawahi kukaribia hivyo.

Yai lenyewe lina vibawa viwili vinavyolizuia kuzama. Mabuu hula mavi. Wakubwa hukamata inzi wenzao na kuwatoboa shingo.

Mzee pale ameuliza kuhusu ivamektini, dawa ya minyoo wanayopewa ng'ombe. Naam, sehemu ya dawa ile hutoka na mavi na kuua mabuu, ndiyo maana maabara humtumia inzi huyu kupima dawa za mifugo. Nyie mna ng'ombe: chukueni kijiti, mfukue mavi ya aliyechomwa sindano juzi, halafu ya ambaye hajachomwa. Mhesabu mabuu, mje mniambie.