Kampuni mama, watoto wake, na hela zinazopotelea njiani

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunaongelea yale makampuni yenye watoto na wajukuu, magrupu, na kwa nini jina linaweza kuwa kubwa mjini halafu mwenye hisa ndogo haambulii kitu.

Toeni simu tupige hesabu. Kuna mzee ana asilimia 51 ya kampuni A, A ina 51 ya B, B ina 51 ya C. C anaiendesha nani? Mzee, maana kila kikao kura ni zake. Ila C ikipata faida ya shilingi 100, ya kwake hasa hapo ni kama 13 tu. Sasa ungekuwa wewe ndo mzee, unajua kabisa mia ikikaa C unapata 13, ikihamia A unapata 51, ungefanyaje? Si unaiambia C ipange kwenye jengo la A kwa kodi ya kuruka. Hakuna kufuli lililovunjwa hapo jamani, ni invoisi na mhuri. Mwisho wa mwaka C inasoma hasara, watu wanatukana menejimenti, kumbe menejimenti imefanya kile ilichotumwa.

Shule ya haya mambo ni Korea Kusini. 2015 Samsung waliunganisha Samsung C&T na Cheil Industries, hisa moja ya C&T kwa 0.35 ya Cheil. Lee Jae-yong, mtoto wa mwenyekiti, alikuwa na kama asilimia 23 ya Cheil na C&T hana hisa hata moja, halafu C&T ndo ilikuwa imeshika karibu asilimia 4 ya Samsung Electronics, yaani ufunguo wa nyumba nzima. Elliott, mfuko wa uwekezaji wa Marekani, wakapiga kelele kwamba C&T inatupwa kwa bei ya chee na anayefaidi ni mwenye Cheil, mfuko wa pensheni wa taifa ukapiga kura ya ndiyo, ikapita. Aliyekuwa waziri wa afya akaja kufungwa kwa kuushinikiza mfuko ule, Lee mwenyewe 2024 mahakama ikamwachia kwenye kesi ya muungano.

Ila msiondoke hapa mkichukia magrupu. 1983 babu yake huyo huyo, Lee Byung-chul, aliamua kuingia kwenye chipu za memori, wakala hasara miaka kadhaa, na grupu ikabeba. Kampuni isiyo na ndugu ingeshazikwa.

Kwa hiyo mimi naangalia kitu kimoja, kwenye bodi ya mtoto kuna mtu anaweza kumwambia mama hapana na kesho bado akawa na kiti?

Kwetu chukua Safaricom. Jina la M-PESA lilikuwa la Vodafone, ambao humo humo ni wenye hisa, kwa hiyo walikuwa wanapata gawio kama wengine na ada ya jina juu yake, mpaka 2020 Safaricom na Vodacom, kampuni mtoto ya Vodafone, walipolinunua jina. Siyo wizi, mfumo walishiriki kuujenga, lakini ile ada mwenye hisa wa Kariakor alikuwa haipati. Ndo maana ripoti ya mwaka mimi siangalii picha za mwenyekiti anacheka, naruka mpaka kurasa za nyuma, miamala na makampuni ndugu, vile viherufi vinavyotaka miwani.

Dada hapo mbele, ulinyoosha mkono?